Kabla ya Kununua Bunduki ya Mbweha

Jirani yangu aliweka ndoo ya maji juu ya ukuta wa mawe, akampasua kifua mwanakondoo aliyekufa, akakata kipande cha pafu na kukitumbukiza ndooni. Kikazama. "Huyu hakuvuta pumzi hata moja," akasema. Kisha akauinua mguu wa nyuma na kunionyesha ukwato. Chini yake bado palikuwa na ule utando laini wa manjano anaozaliwa nao mwanakondoo, ambao huchakaa akishapiga hatua chache tu. Huyu hakuwahi kusimama. Alizaliwa mfu usiku, na mbweha aliyemtafuna ubavu alikuta mzoga.

Asubuhi hiyo mimi nilikuwa nimeshapiga simu kwenye duka la silaha kuulizia bei.

Ilikuwa Aprili, mwaka wetu wa pili wa kufuga hapa Shropshire, karibu na mpaka wa Wales. Mimi na mume wangu tuna kondoo majike 30 na kuku 50 kwenye hekta tano za kukodi. Tangu hapo, kila inapokaribia Februari, Waswahili wenzetu waliotawanyika huku hunipigia, wengine wakiwa na kuku kumi nyuma ya nyumba, wengine wamekodi shamba kama sisi. Swali ni lile lile: "Dada, mbweha wananimaliza. Ninunue bunduki, nimlipe mtu, au nizungushe uzio?" Nimelijibu kwa simu mara nyingi, kipande kipande. Leo naweka hesabu yote mahali pamoja, kwa pauni, nikichanganya bei nilizolipa mwenyewe na zile ninazoziona madukani.

Neno moja kabla ya bei. Anayekuuzia huduma hii atakuhesabia mbweha aliowaua, na atakutumia picha. Wewe kaa na daftari la wanakondoo na kuku waliobaki hai, maana hao ndio unaowalipia. Nilichelewa kulielewa jambo hilo na lilinigharimu.

Mbweha wa huku si yule anayelia porini kwetu Singida. Ni mwekundu, mkia mnene wenye ncha nyeupe, na ukimwona ametota kwa mvua unashangaa alivyo mdogo: dume ana kilo sita au saba, jike pungufu ya hapo. Huzaa mara moja tu kwa mwaka. Wanapandana Januari, mimba inachukua siku 52 hivi, watoto wanne au watano wanazaliwa Machi. Kwa hiyo wakati kondoo wanazaa malishoni mwezi Aprili, kila pango lina mama anayenyonyesha na dume anayehangaika usiku kucha kutafuta chakula. Wakati huo ndio wenye hasara kwa mfugaji wa kondoo. Mfugaji wa kuku hana msimu wa kupumua, kwa sababu kuku wake huliwa mwezi wowote.

Mashamba ya hapa hupoteza wanakondoo wengi, mara nyingi karibu 15 kati ya kila 100 walioonekana tumboni kwenye kipimo. Baridi, njaa, uzazi mgumu, magonjwa na mama anayemkataa mtoto ndivyo vinavyoua zaidi. Utafiti uliofanywa kwenye mashamba ya milimani huko Uskoti ulimkuta mbweha akihusika na chini ya 2 kati ya 100. Kwa hiyo ndoo ya jirani yangu ina thamani kuliko kifaa chochote nitakachokitaja hapa. Pafu likielea, mtoto alipumua. Ukichuna ngozi ya shingo na kukuta damu imevilia kuzunguka matundu ya meno, aling'atwa akiwa hai. Nyama ikiwa nyeupe na safi chini ya ngozi, mbweha alikuta maiti. Tangu siku ile ya ukuta wa mawe tumefanya kipimo hicho kwa kila anayekufa. Msimu uliofuata walikufa saba, na ni mmoja tu aliyekuwa na damu iliyovilia.

Weka hesabu hiyo kwenye mizani. Kondoo wetu 30 wanazaa watoto kama 50. Wawili kati ya mia, kwetu sisi, ni mmoja kwa mwaka. Akifika sokoni ni zaidi ya pauni 100, tuseme 120. Mwenye kondoo 600 anapata wanakondoo 1,000, na wawili kati ya mia kwake ni 20, yaani pauni 2,400 kila mwaka. Mbweha ni yule yule, usiku ni ule ule, lakini sisi wawili hatupaswi kununua kitu kimoja.

Tuanze na bunduki, kwa kuwa ndiyo kila mtu anayoiulizia kwanza.

Hapa Uingereza mbweha hana msimu wa kulindwa, na sheria inaruhusu kumpiga risasi usiku ukiwa na idhini ya mwenye ardhi. Zamani kazi kubwa ilifanywa na mbwa na farasi. Mwaka 2000 tume iliyoongozwa na Lord Burns ilichunguza uwindaji ule na kuona kwamba kumpiga mbweha risasi kwa kurunzi usiku, ikifanywa na mwenye ustadi na mahali panapofaa, kunamtesa mnyama kidogo kuliko kukimbizwa na mbwa. Sheria ya mwaka 2004, iliyoanza kazi Februari 2005, ikapiga marufuku uwindaji wa mbwa England na Wales. Uskoti ilikuwa imetangulia mwaka 2002.

Bunduki ya risasi inahitaji kibali cha polisi. Februari 2025 ada ya kibali kipya ilipandishwa kutoka pauni 88 hadi 198, nayo ya kuhuisha ikawa 131. Kibali hudumu miaka mitano. Polisi wataomba taarifa za daktari wako na wadhamini wawili, watakuja nyumbani kuona kabati la chuma ulipolifunga ukutani, na watataka sababu ya maana na ardhi ya kupigia. Kuishi kijijini hakutoshi kuwa sababu. Kabati ni kama pauni 180. Bunduki iliyotumika ya ukubwa wa .223, ambayo wengi huitumia kwa mbweha, pamoja na darubini na kiwambo cha sauti, utaipata kwa pauni 900 hivi ukivumilia kutafuta. Kifaa cha kuona joto gizani, cha kushika mkononi, ni pauni 900 nyingine kwa kile cha kawaida, na ukitaka darubini ya joto ya kufunga juu ya bunduki bei inaweza kupita 2,000. Risasi ni kama pauni moja na nusu kila moja, na utahitaji 50 za kujifunzia kabla hujamwelekezea mnyama.

Jumlisha bila anasa: 198, 180, 900, 900 na 75. Ni pauni 2,253. Igawe kwa miaka mitano ya kibali, unapata pauni 450 kwa mwaka, kuokoa mwanakondoo mmoja wa pauni 120. Kwetu hesabu inakataa. Kwa mwenye kondoo 600 fedha yote inaweza kurudi mwaka wa kwanza, ndiyo sababu wakulima wakubwa wa hapa wana bunduki hata kabla ya kuulizwa.

Wapo wanaofikiri watapunguza gharama kwa kununua bunduki ya marisau. Kibali chake ni pauni 194 na bunduki yenyewe iliyotumika ni rahisi zaidi. Nawasihi wafikiri tena. Zaidi ya mita 30 hivi marisau hutawanyika, na mbweha huondoka na vipande mwilini akafe baada ya siku kadhaa kwenye kichaka cha mtu mwingine. Bunduki ndogo ya .22 inayotumika kwa sungura nayo ni dhaifu kwa mbweha wa mbali. Kumjeruhi mnyama kwa sababu ulitaka kuokoa pauni 300 ni jambo nisiloweza kulitetea.

Kisha kuna ustadi, ambao haupo kwenye orodha ya bei. Kijana mmoja wa hapa, fundi magari, huja kutupigia mbweha, na usiku mmoja wa Machi nilikaa naye kwenye pikapu kuanzia saa nne hadi saa saba. Kabla ya kutoka aliwapigia polisi kuwaarifu atakuwa shamba gani, ili mtu akisikia mlio wasitume gari. Alizima injini, akashusha kioo, akaweka mfuko wa mchanga dirishani na bunduki juu yake. Kwenye kifaa chake cha joto kondoo walionekana kama mikate myeupe iliyopangwa gizani. Akaweka midomo nyuma ya kiganja na kunyonya ngozi, ikatoka sauti nyembamba ya sungura anayelia kwa maumivu. Ndani ya dakika kumi mbweha alikuwa juu ya kilima, amesimama pembeni kabisa, mita 120, ametulia.

Hakupiga. Nilimgusa bega. "Nyuma yake ni mbingu," akaninong'oneza. Risasi ya .223 isipokutana na udongo husafiri kilomita kadhaa, na nyuma ya kilima kile kuna barabara na nyumba tatu. Kifaa cha joto kinakuonyesha mnyama vizuri kabisa lakini hakikuonyeshi kilicho nyuma yake: uzio wa waya, ukingo wa mlima, dirisha la mtu aliyelala. Ndiyo maana yeye huja kwanza mchana, anatembea shamba zima, na kuchora kwenye karatasi pande anazoweza kupiga na pande asizoweza. Kurunzi nayo ina mtego wake. Macho mawili yanayong'aa yanaweza kuwa ya kondoo, ya mbwa wa jirani, hata ya paka. Usipouona mwili mzima hujamwona mbweha.

Tulisubiri dakika 40 zaidi. Mbweha akateremka mteremko, mlima ukawa nyuma yake, mita 90. Sauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia. Kijana alimfuata kwa miguu, akampindua, akamulika tumbo. "Ananyonyesha," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Kesho yake alirudi alfajiri akazunguka vichaka vyote hadi akalipata pango, kwa sababu watoto wanaoachwa hivyo hufa kwa njaa taratibu. Sheria haikumlazimisha. Baadhi ya watu hawarudi. Ukitafuta mtu wa kukupigia, muulize swali hilo moja, atafanya nini akikuta jike linanyonyesha, na msikilize anavyojibu.

Kijana huyu hatozi hata senti, na si wa ajabu. Wawindaji wengi hapa hutafuta ardhi ya kupigia, tena polisi wanapotaka sababu ya kibali, idhini yako ya maandishi humsaidia. Unachopaswa kukiona kabla hujampa ufunguo wa geti ni kibali chake chenye tarehe halali na bima ya madhara kwa watu wengine, ambayo kwa kawaida huja pamoja na uanachama wa chama cha wawindaji. Mkubaliane kwa maandishi: siku zipi, pande zipi za shamba, nani aarifiwe. Krismasi tunampelekea paja la kondoo. Kwa mfugaji mdogo hakuna bei bora kuliko hii, ila ina kasoro moja. Mtu anayekuja kwa hisani huja anapopata nafasi, na mbweha hangoji Ijumaa.

Njia ya kulipia niliijaribu kabla ya kumfahamu. Ilikuwa Novemba, kuku walikuwa wanapungua, nikaita kampuni ya kudhibiti wanyama waharibifu. Mikesha mitatu, pauni 90 kila mmoja. Nikatumiwa picha za mbweha wanne, nikalala usingizi mzuri. Baada ya siku 16 nikakuta manyoya tena. Nilipowauliza, waliniambia niagize mikesha mingine mitatu.

Walichokuwa wanakijua na hawakuniambia ni hiki: vuli na mwanzo wa baridi ndiyo wakati vijana waliozaliwa Machi huacha nyumbani kwao kutafuta mahali pa kukaa. Mbweha wanapita kila upande. Ukimwondoa mmoja Novemba, mwingine aliyekuwa safarini anaingia kabla ya mwezi kwisha. Wale wanne kwenye picha huenda walikuwa wapita njia, wala hawakuwahi kulijua banda langu. Nililipa pauni 270 kufungua nafasi kwa wageni. Risasi zenye faida kwa mfugaji wa kondoo ni zile za wiki chache kabla ya kondoo kuanza kuzaa na wakati wanazaa, kwa sababu pengo likifunguka wakati huo halijazwi haraka, na wewe unahitaji wiki tatu tu za utulivu. Kama unalipa, lipa Machi na Aprili. Anayekuja kukuuzia Novemba mwambie arudi.

Kuna watu watakaokwambia kuwa kupiga mbweha ni kazi bure hata Machi. Hutaja mwaka 2001, ambapo ugonjwa wa miguu na midomo ulisimamisha uwindaji wa mbwa nchi nzima kwa karibu mwaka mmoja. Watafiti walihesabu kinyesi cha mbweha kabla na baada, wakachapisha katika jarida la Nature mwaka 2002 kwamba idadi haikuongezeka. Ni kweli, lakini utafiti ule ulipima uwindaji wa mbwa, haukupima bunduki ya usiku. Upande wa pili kuna kazi iliyofanywa Otterburn, Northumberland, kati ya 2000 na 2008. Walinzi walipowapunguza mbweha, kunguru na wanyama wengine wala mayai, mafanikio ya kuzaa ya ndege wanaotaga ardhini yaliongezeka kama mara tatu. Kwa hiyo inawezekana. Ila walinzi wale walikuwa wameajiriwa kwa kazi hiyo mwaka baada ya mwaka. Mikesha mitatu ya kukodi haifanani na mshahara wa mtu mzima, na anayekuahidi matokeo ya Otterburn kwa pauni 270 hakuambii ukweli.

Sasa uzio, ambao nilipaswa kuununua kwanza.

Usiku ulionifundisha ulikuwa wa Februari. Mlango wa banda la kuku haukufungwa. Nilikuwa nimechelewa kurudi kazini, nikaingia ndani, nikasahau. Asubuhi walikuwa wamekufa 23. Mbweha alikuwa amechukua wawili na kuwaacha wengine walipoangukia, kwa sababu kuku wakirukaruka ndani ya banda hasira ya kuua haimtoki mpaka watulie. Kuku anayekaribia kutaga nilikuwa namnunua pauni 18. Pauni 414 kwa usiku mmoja, na mabinti zangu wawili walikuwa wamewapa majina.

Mlango unaojifunga wenyewe jua likizama, wenye betri na kihisi cha mwanga, niliununua pauni 150. Usiku huo mmoja ungeulipa karibu mara tatu. Hakuna bunduki yenye hesabu kama hiyo. Kama una kuku kumi mjini, ishia hapa: nunua mlango, funika madirisha ya banda kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, kwa sababu wavu mwembamba wa kuku mbweha huutafuna, na uulaze mwingine chini ukizunguka banda, sentimita 30 kuelekea nje, ili anayechimba akutane na chuma. Bunduki mjini usiiwazie kabisa.

Kwa mchana tulinunua wavu wa umeme wenye kimo cha mita 1.1. Tulihitaji mizunguko mitatu ya mita 50, kila mmoja pauni 130, na mashine ya umeme pamoja na betri yake kwa pauni 220. Jumla 610. Ukiutunza unadumu miaka mitano au zaidi, yaani kama pauni 120 kwa mwaka. Mbweha huupima kwa pua. Akipigwa umeme puani mara ya kwanza, huukwepa muda mrefu. Akiukuta umezimwa mara ya kwanza, anajifunza kuruka, na hapo fedha yako imekwisha kazi. Kwa hiyo uwashe kabla hujaingiza kuku, na uupime kwa kipima umeme kila asubuhi usishuke chini ya volti 3,000. Nyasi zikikua na kuugusa, umeme unavuja ardhini. Sisi hukata nyasi chini yake kila wiki kuanzia Mei hadi Septemba. Ni saa nzima kila Jumamosi, na saa hiyo nayo ni gharama.

Wavu huo huo kwa kondoo una hatari. Mwanakondoo huingiza kichwa tunduni, anashikwa, anapigwa umeme bila kukoma. Kwa kondoo ni bora nyuzi tano au zaidi zilizonyooka, au kuwalaza mama na watoto wao ndani kwa siku tatu za mwanzo, wakati mtoto ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Tuliazima kona ya ghala la jirani, tukalipia majani makavu na marobota ya nyasi pauni 160. Mwaka huo hatukukuta hata mmoja mwenye damu iliyovilia. Na kwa kuwa tulikuwa tunawaona usiku, tuliokoa wanne ambao wangekufa kwa baridi, jambo ambalo risasi isingelifanya.

Watu wa nyumbani hunitajia taa. Wengi wanakumbuka zile zilizobuniwa na Richard Turere wa Kitengela akiwa bado mtoto, zikiwakawaka kuzunguka boma kana kwamba mtu anatembea na tochi, simba wakakimbia. Hapa zinauzwa taa za namna hiyo kwa pauni 20 au 30. Tulizitumia. Kwa majuma mawili zilisaidia, kisha mbweha akazizoea, hasa tulipoziacha mahali pamoja. Ukizinunua zihamishe kila siku mbili, na uzitumie kwa usiku wa hatari tu.

Mbwa mlinzi anayelala na kondoo ni mlinzi wa kweli. Kwenye kisiwa cha Middle Island huko Warrnambool, Australia, mbweha walikuwa wakivuka maji yakipwa na kuwala pengwini wadogo hadi wakabaki chini ya kumi mwaka 2005. Mwaka uliofuata wakaletwa mbwa aina ya Maremma, na pengwini wakaongezeka tena. Kisha mwaka 2017, bahari ilipochafuka mbwa wasiweze kukaa kisiwani, mbweha waliingia na kuua wengi kwa muda mfupi. Mbwa hulinda akiwepo. Hapa kwetu tatizo ni jingine: njia za umma za waenda kwa miguu zinakata katikati ya malisho, na mbwa wa kilo 40 anayewafokea wageni na mbwa wao atakuletea kesi. Wengine hununua alpaka dume aliyehasiwa, pauni 600 hivi. Huwafukuza mbweha kwelikweli baadhi yao, na wengine hula nyasi tu wakimtazama akipita.

Sumu usiiguse. Kumtegea mbweha sumu ni kosa la jinai hapa. Australia wanaruhusu chambo chenye sumu iitwayo 1080, kwa vibali, lakini kule mbweha ni mgeni aliyeletwa na wazungu na wanyama wengi wa asili wa upande wa magharibi huistahimili sumu hiyo kwa sababu imo kwenye mimea yao. Hapa ingeua mbwa wa jirani na ndege wala mizoga. Tanzi la waya lilipigwa marufuku Wales mwaka 2023 na Uskoti mwaka 2024. England bado halikatazwi, bei yake ni ndogo, na sitalitumia. Nimeona mbuzi wa jirani akiwa amenaswa nalo shingoni tangu jana yake. Mtego wa kizimba, pauni 130, hufaa zaidi mjini, ambako mbweha wamezoea vitu vya watu. Wa shambani hauingii kirahisi, na ukiutega ni lazima uuangalie kila siku bila kukosa.

Mkulima wa nafaka asiye na mifugo anayesoma hapa ajiulize kama anahitaji kutumia chochote. Mbweha hula sungura na panya wa mashambani, na sungura ndio wanaokula ngano yake ikiwa changa.

Mwaka huu kwetu imepangwa hivi. Mlango wa kuku umewekewa betri mpya wiki iliyopita na wavu umepimwa, volti 4,100. Kona ya ghala imeshaombwa. Fundi magari atakuja kutembea shamba mchana wa tarehe 8 Machi na karatasi yake, kisha usiku kuanzia tarehe 15 hadi kondoo wa mwisho azae. Nimemwonyesha upande wa mashariki, ambako mmea wa blakbere umefunika mtaro, nadhani pango liko humo. Amesema atalitafuta kwanza kabla ya kufyatua risasi yoyote. Na ndoo iko pale pale, juu ya ukuta wa mawe.